Niletee Mikono ya Baridi

Mtu akikuambia nchi yetu ni ya joto, usibishane naye. Mpakie kwenye pikipiki mwezi wa saba, mtoe Karatu alfajiri, mpitishe geti la Lodoare, mpandishe msitu wote mpaka ukingoni mwa kreta, halafu muulize tena. Hatakujibu. Taya zitakuwa zimegoma. Mimi nilikuwa bwana mifugo miaka ile, kazi yangu kupanda huko juu kuchanja ng'ombe wa Wamasai wa Nainokanoka, na ninachosema nakijua kwa vidole vyangu. Baridi ya Ngorongoro haina adabu. Haipigi hodi. Inaanza na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, inahamia kwa jirani yake, na ukifika juu huna mikono tena, una vijiti viwili vilivyogandia kwenye usukani.

Na usiniambie eti si ungevaa glovu. Glovu za kutoka wapi? Hiyo ilikuwa miaka ya shida, baada ya vita. Madukani zimebaki rafu na mwenye duka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, petroli kwa kibali, na ofisi ya kutoa kibali haina hata karatasi ya kukiandikia. Pikipiki ilikuwa ya serikali, nyekundu, taa yake imefungwa kwa mpira wa tairi, na waliotuletea pikipiki hawakukumbuka kutuletea glovu. Nilimwomba fundi cherehani mmoja mjini anishonee za khaki. Akaniuliza kama nasafiri kwenda Ulaya, akarudi kwenye suruali yake.

Basi nikajitafutia mwenyewe. Nilianza na soksi, nikavaa mbili mbili mikononi. Soksi ni nzuri mpaka ukutane na ukungu. Ukungu wa msituni unalowesha kuliko mvua, na soksi iliyolowa ni heri ukae uchi. Nikajaribu magazeti, nikiyakunja na kuyafunga kwa kamba kwenye vishikio, mikono ndani. Upepo ukayachana kabla sijafika getini, nikapita mbele ya askari wa geti nikipeperusha habari za taifa. Nikajaribu plastiki ile ya ndani ya mfuko wa mbolea. Hiyo ilifaa kidogo, ila ilinuka, na tembo walionekana kutoipenda zaidi yangu.

Mwisho nikaingia kwenye stoo ya idara. Idara ilikuwa ikitugawia glovu ndefu za plastiki, nyembamba, zinafika begani, za kupimia mimba ya ng'ombe. Nikavaa soksi, juu yake zile glovu, nikazifunga begani kwa uzi. Jamani! Watalii walisimamisha Landrova yao kule kwenye kona ya kutazamia kreta. Simba chini kule hawakuwaona, kreta yenyewe hawakuitazama, wakanipiga picha mimi. Nina hakika niko kwenye albamu ya mtu huko kwao mpaka leo, na maelezo chini yake siyo ya kweli.

Nikifika juu, nilikuwa nasimama, nainama, naikumbatia injini. Silinda ya pikipiki iliyotoka kupanda mlima ni jiko kamili, lakini lina ujanja wake. Mkono uliokufa hausikii moto. Unaweza kuuegesha pale ukidhani ndiyo kwanza unaanza kupata joto, kumbe nyama inaiva. Kiganja changu cha kulia kina alama ya mapezi ya silinda, mistari mitatu, haikutoka tena.

Watu wanadhani ubaya wa baridi ni kuganda. Kuganda si kitu, ukishaganda umeganda, unaendesha tu. Ubaya ni kurudi. Damu ikianza kurudi vidoleni, utasema kuna mtu anakung'oa kucha moja moja na anafurahia kazi yake. Mimi nilikuwa nauma kola ya koti. Nimemwona mwanamume mwenye ndevu, dereva wa lori la mkaa, amesimama kando ya barabara kwenye baridi ile, mikono kwapani, machozi yanamtiririka, anajifanya anatazama milima.

Dawa ya kweli niliipata kazini. Kupima mimba ya ng'ombe ni kazi ya mkono. Unaingia kwa nyuma, kiwiko kinapita, unapapasa polepole mpaka umkute ndama. Nilikuwa naijua kazi hiyo, nisijivune, lakini naijua. Kwa kugusa tu ningekuambia mimba ina miezi mingapi, na kama ndama yuko hai au ameshakwenda, maana ndama hai ukimminya kidogo ukwato anauvuta, na mfu anakuachia. Sasa asubuhi ya mwezi wa saba, Nainokanoka, majani meupe kwa umande ulioganda, hakuna mahali pa joto duniani kama ndani ya ng'ombe. Nilikuwa naingia na sitoki. Mzee mmoja wa Kimasai, mwenye boma, alinisubiri, akachoka kunisubiri.

"Ero," akaniita, yaani kijana mdogo, nami nilikuwa mtu mzima na mshahara wangu, "ng'ombe ana mimba au wewe umehamia?"

Boma zima likacheka. Nikatoa mkono, nikasema ana mimba ya miezi mitano, nikaomba wa pili.

Nyumbani nilikuwa na dawa nyingine. Tulikaa upande wa juu wa Karatu, njia ya kwenda getini, mimi na mke wangu, na mama yangu nyumba ya pili uani hapo hapo. Mke wangu alikuwa na mdomo. Tulipooana baba yake alinionya, akasema huyu binti umchukue pamoja na maneno yake, hatutaki yarudi peke yake. Nikirudi jioni sikuwa naenda jikoni kwenye moto. Nilikuwa naenda moja kwa moja alipo, nainua khanga kidogo, natia mikono yangu miwili tumboni pake.

"Aii! Mikono ya maiti hiyo! Toa!"

Alikuwa anapiga kelele mpaka mama anakohoa kule uani. Lakini hakuwahi kuitoa. Alisimama hivyo hivyo, amekaza meno, ananitukana mimi, idara yangu na pikipiki yao, mpaka damu inarudi, na ikirudi kwa njia ile haiumi sana.

Mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni, mimba ikiwa kubwa. Wa pili akafikisha miezi yake yote, akazaliwa amekamilika, nywele kichwani, na hakulia. Sina cha kuongeza hapo. Nimejaribu miaka mingi kuona kama nina cha kuongeza, sina.

Sisi Wairaqw tuna kitu kinaitwa metimani. Mtoto akitoka bila pumzi, nyumba ile inakaa peke yake. Watu wanawasalimia kwa mbali. Ng'ombe wenu hawanywi maji pamoja na wa wenzenu. Hakuna wa kukupa kibuyu mkononi. Anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo unakiokota. Si kwamba mnachukiwa. Wazee waliamini kifo cha namna ile kinaambukiza, kinaweza kumfuata mwenye mimba wa nyumba nyingine, basi mnakaa mpaka mtakaswe. Serikali ilikuwa imekataza, mchungaji naye alikuwa amehubiri kwamba mambo hayo yamepita. Yamepita wapi? Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa Jumapili, na siku nyingine zote alikuwa Mwiraqw. Alitupikia, akatuwekea chakula kizingitini, akatuombea kwa Yesu akiwa amesimama upande wa pili wa ua.

Mimi serikali haikunipa likizo ya metimani. Nilipanda pikipiki yangu. Kule juu Wamasai, ambao mambo yetu hayawahusu, walinishika mikono kutwa, wakanipa maziwa. Jioni nikashuka kwenye watu wangu wasionigusa. Unajua ilikuwaje? Haikuwa chochote. Niliendesha, nikachanja, nikarudi. Wakati wa kuzika, mara zote mbili, wajomba walinitazama usoni kuona kama nitaanguka, nikawatazama na wao. Sikujikaza. Kujikaza ni mpaka kuwe na kitu cha kukizuia. Nilikuwa kama vile vidole, unaviona ni vyako, unavihesabu vyote vipo, ukivigonga havisemi.

Na tumboni kwa mke wangu nikaacha kupeleka mikono. Hakuna aliyetukataza. Baada ya yule wa pili nilifika jioni, nikaenda jikoni, nikaota moto, damu ikarudi kwa njia yake ile ya kung'oa kucha, naye alikuwa amekaa pale pale anachambua maharage. Hakuniambia njoo. Mdomo ule wote ulikuwa umekwisha. Tukawa watu wawili wapole sana, tunapishana mlangoni tunaombana radhi.

Tulitakaswa, watu wakaanza tena kutushika mikono, sisi wenyewe bado, isipokuwa gizani, bila neno. Mvua zikapita, mavuno yakapita. Jioni moja nimeingia nimelowa, naelekea motoni, akasema bila kuinua uso:

"Lete hiyo mikono."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akainua khanga mwenyewe, akaishika mikono yangu kwenye vifundo, akaiweka. Tumbo lilikuwa gumu, na kubwa, na kabla sijalielewa, kitu ndani yake kikanipiga teke la nguvu kwenye kiganja.

Bwana mifugo mzima! Nimeingiza mkono kwenye kila ng'ombe kuanzia Karatu mpaka Nainokanoka, nimewaambia watu miezi na wiki, na nyumbani kwangu mimba imefika mahali pa kupiga mateke sina habari. Mke wangu akasema, "Aii, mikono ya maiti," lakini polepole, kwa mara ya kwanza tangu zamani zile.

Hatukuizungumzia mimba ile. Hatukununua kitu, hatukushona kitu, jina hatukuliwaza. Mama alijua, akanyamaza, akawa anatembea uani kama mtu anayepita karibu na nyoka aliyelala. Kilichokuwepo ni lile teke la jioni, basi. Kila jioni nashuka kutoka juu, naegesha, naingia, naweka mikono, na mtoto ananirushia mguu kwa hasira. Mke wangu akipiga kelele zake, mama akikohoa uani. Nilijua ananisalimia baba yake. Wanaume tuna kiburi, hata mtu hajazaliwa tunadhani ametutambua.

Ukitaka kujua kama nilianza kufurahi, hapana. Nilikuwa bado sisikii. Nilikuwa nalingoja lile teke tu, likija napumua, halafu nakula. Mchana kutwa juu ya pikipiki nilikuwa nafikiria hilo. Watoto wawili walishanyamaza mle mle. Huyu akinyamaza, nilijua mke wangu naye hatasema tena, na mimi sitamuuliza.

Sasa glovu. Kulikuwa na mzungu mmoja aliyekaa miaka kule kreta akiwachunguza fisi. Nilimtibia mbwa wake. Siku ya kuondoka kurudi kwao alinisimamisha barabarani, akanitazama mikono, ile plastiki ya ng'ombe imechanika inapepea, akaingia ndani ya gari lake akatoka na glovu za ngozi. Za kweli! Ngozi nje, ndani manyoya ya kondoo, zinafika juu ya kifundo. Akazitupa mapajani mwangu akaondoka, hata asante aliisikia kwa mbali.

Loo! Nilishuka ukingo ule nikiimba. Ukungu ulikuwepo, upepo ulikuwepo, mimi na wao tukawa hatujuani. Mara ya kwanza katika kazi ile yote nilifika nyumbani vidole vyangu vyote vina joto, laini, vinakunja na kukunjua. Niliwaza jinsi mke wangu atakavyoshangaa. Nilitaka kumtania, nimguse ghafla, asubiri baridi asiione.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Jiko halina moshi. Mama alikuwa amesimama kando yake, karibu, siyo kule mbali alikozoea kusimama, na nilipoona hivyo nikajua.

"Tangu asubuhi hajacheza," mke wangu akasema.

Tukaingia ndani. Nikaweka mikono. Nikasubiri. Nikaibonyeza kidogo, nikasubiri. Halafu mikono yangu ikaanza kazi yake bila mimi kuituma, ikapapasa kama inavyopapasa, ikatafuta mgongo, ikaupata, ikatafuta kichwa, ikakipata, ikafika penye miguu ikaminya. Mguu haukuvutwa. Ulikaa pale nilipouachia. Nilikuwa na mikono mizuri siku ile, ya moto, yenye kusikia kila kitu, na hakukuwa na kitu cha kusikia.

"Amelala," nikasema.

"Hata wale walikuwa wamelala."

"Twende hospitali. Nitaomba gari misheni."

"Siendi."

"Mke wangu."

"Nikifika watanilaza, watanisikiliza tumbo kwa lile bomba lao, watatazamana, halafu mmoja atatoka nje kumtafuta mkubwa wake aje aniambie. Nimeshaambiwa mara mbili. Sitaki kuambiwa." Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja bei ya maharage. Kisha akatazama kiunoni kwangu, pale nilipozichomeka. "Hizo ni nini?"

"Glovu."

"Tangu lini?"

"Leo. Nimepewa leo."

Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaiweka shavuni pake, joto lake akaliona. Akaiachia.

"Hii siyo anayoijua huyu," akasema. "Nenda ukaniletee mikono ya baridi."

Nikadhani akili imemruka. Nikamwambia kuna pipa la maji ya mvua hapo nje, nitailoweka. Akanigeukia kwa ukali, na ule mdomo wake wa zamani ukarudi wote kwa mara moja.

"Nimekuomba maji mimi? Nimekuambia nataka kunawishwa? Nataka mikono yako ya kila siku, ya kule juu, imekufa kama inavyokufa. Kama ni ya kufa acha ife huko, uniletee!"

Nikamtazama mama. Mama, ambaye ana neno kwa kila jambo, aliinama akaokota kofia yangu iliyokuwa imeanguka, akanipa. Mkononi.

"Nenda," akasema.

Nikamwambia mke wangu, kwanza tupatane: nikirudi, nikiweka mikono, asipocheza, tunakwenda hospitali, tukaambiwe tusiambiwe. Akakubali kwa kichwa. Glovu nikaziacha kitandani.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukingo na ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka msituni, kama kawaida yake saa zile. Petroli ilikuwa kidogo, ya kwenda getini na kurudi, isingezidi. Nikapita kwenye kijito pale chini ya mlima, nikasimama, nikaichovya mikono mpaka viwiko, nikapanda tena ikiwa inachuruzika. Nikafungua mafuta yote. Ukienda mbio ndivyo upepo unavyouma, na kwa miaka yote nilikuwa naendesha polepole kwenye mteremko na kwenye mlima kwa ajili ya vidole hivi. Siku ile nilivishika vile vyuma vyenyewe, siyo mpira, vyuma vya klachi na breki, nikavikumbatia.

Watu wananiuliza kama niliomba Mungu. Sikuomba. Nilikuwa natazama vidole. Kidole cha mwisho cha kushoto kikaenda kwanza, nikasema haya. Cha pili kikafuata. Maisha yangu yote kule nimepigana na baridi ile, nimeivalia soksi na magazeti na plastiki ya ng'ombe, na jioni hiyo nikawa naiambia, karibu, pita, chukua na hiki, chukua na hiki. Nikafika geti, askari akatoka na taa yake kunitazama, nikageuza mbele yake bila salamu. Nikashuka. Kufika nusu ya njia nilikuwa sina mikono. Niliiona inashika usukani.

Uani sikuweza kubana klachi. Injini ikazimika yenyewe kwa kushtuka, pikipiki ya serikali ikalala ubavu kwenye mboga za mama, nikaiacha. Mlango sikuweza kuufungua, nikaupiga kwa bega. Mama ndiye aliyenifungulia, na alipoona ninakokwenda akageuka akatazama ukuta, maana hata katika hali ile mkwe ni mkwe na heshima ni heshima.

Mke wangu alikuwa amelala chali, khanga imeshainuliwa. Nikaiweka mikono.

Sikusikia kitu. Sasa nakuambia ukweli, hata ngozi yake sikuisikia. Ningeweza kuwa nimeiweka juu ya meza. Niliitazama mikono yangu imekaa pale, ya kijivu, vidole vimepinda kama bado vimeshika usukani, nikasubiri kuambiwa na mikono ambayo haiwezi kuniambia. Nikafikiri, basi. Nikafikiri juu ya gari la misheni, nani ana ufunguo wake. Nilikuwa mtulivu kabisa.

"Aii!"

Ilikuwa kelele moja, ya nguvu, kuku wakaruka kule bandani.

"Aii! Mikono ya maiti wewe! Toa! Usitoe!"

Nikatazama. Mkono wangu wa kulia, ule wenye mistari ya silinda, ulikuwa unanyanyuka. Ulinyanyuka, ukashuka. Ukanyanyuka tena, upande wa kidole gumba, mtu alikuwa anausukuma kutoka ndani kwa hasira yake yote. Niliuona kwa macho. Sikuusikia hata kidogo. Kila teke nililitazama kama unavyomtazama mtu anayekupungia ng'ambo ya bonde.

Na yule aliyekuwa akinisukuma alizaliwa mwezi uliofuata, akalia mpaka majirani wakaja kuuliza, na mpaka leo akikasirika anarusha mguu. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, mke wangu anacheka na kunitukana na kulia vyote kwa pamoja, ameing'ang'ania mikono yangu isiondoke, na joto la tumbo lake likaanza kuingia. Kidole gumba kwanza. Halafu vingine. Damu ikaanza kurudi.

Mama akageuka kutoka ukutani. Alikuta mwanawe, ambaye hakutoa chozi kwenye makaburi mawili, ameweka kichwa kitandani, analia kwa sauti kama mtoto, hawezi kujizuia. Akaja akaniinamia, akanishika begani.

"Unalia nini sasa? Si mtoto yupo?"

"Mikono, mama," nikamwambia. "Mikono inauma."